AFYA YA MWILI: UKANO WA KISIGINO UNAPOUMA

Yako maumivu ambayo humvizia mtu kitandani. Jioni amelala vizuri, na usiku hakuna lililomsumbua. Lakini alfajiri ashushapo miguu na kukanyaga sakafu, nyuma ya kifundo cha mguu, juu kidogo ya kisigino, pamekakamaa kama kamba iliyolowa ikakauka. Huchechemea hatua kumi, hatua ishirini, huku ameshika ukuta. Kisha mahali hapo pakipata joto maumivu hupungua, naye hujiambia kwamba yamekwisha. Huchukua jembe lake akaenda shambani, au huvaa viatu akaenda kungoja basi la kumpeleka ofisini. Kesho yake asubuhi mambo ni yale yale, na baada ya mwezi hatua za kuchechemea si ishirini tena bali ni mia.

Watu wengi husema kwamba mshipa umekaza. Si kosa kubwa, maana katika mazungumzo ya kila siku kila kilicho kirefu na chembamba ndani ya mwili huitwa mshipa. Lakini hiki si mshipa wa damu wala wa fahamu. Jina lake hasa ni ukano, yaani ile kamba nyeupe, ngumu, inayoufunga msuli na mfupa. Aliyewahi kuchuna mbuzi anaufahamu sana: ndio ule wa mguu wa nyuma ambao mchinjaji hupenyeza kisu kati yake na mfupa, akapitisha kamba na kumtundika mnyama mzima juu ya mti. Nao haukatiki.

Msomaji na akae juu ya kiti, avue kiatu, ashike nyuma ya mguu wake kwa kidole gumba na cha shahada. Atakuta kamba nene inayoanzia chini ya shavu la mguu na kushuka mpaka kwenye mfupa wa kisigino. Huo ndio ukano mkubwa na wenye nguvu kupita kano zote za mwili wa binadamu, na urefu wake kwa mtu mzima hukaribia sentimita 15. Misuli ya shavu la mguu haina njia nyingine ya kumwinua mtu juu ya vidole vyake ila kwa kuuvuta huu. Mtu akikimbia, kila mguu ukanyagapo, ukano huvutwa kwa nguvu ifikayo mara 6 hata 8 ya uzito wake. Maana yake ni kwamba mtu wa kilo 70 huitwika kamba hiyo mzigo wa karibu nusu tani, na hiyo ni hatua moja tu.

Madaktari wa Ulaya waliuita kwa jina la Achilles, shujaa wa hadithi za Wayunani, ambaye husimuliwa kwamba mama yake alimchovya katika mto wa kuzimu ili mwili wake usipenywe na silaha. Alipomchovya alimshika kisigino. Hapo maji hayakufika, na ndipo mshale ulipompata katika vita vya Troy. Aliyelitumia jina hilo katika kitabu cha elimu ya mwili mwaka 1693 ni Philip Verheyen, mwalimu wa chuo kikuu cha Leuven, ambaye yeye mwenyewe alikatwa mguu mmoja katika ujana wake.

Basi kamba yenye nguvu namna hii huharibikaje? Msuli hupata damu nyingi, kwa hiyo ukijeruhiwa hupona upesi. Ukano hupata damu kidogo, hasa mahali palipo sentimita 2 hadi 6 juu ya mfupa wa kisigino, na hapo ndipo panapowauma watu wengi. Kila siku nyuzi chache hukwaruzika kwa kazi, na kila usiku mwili huzitengeneza. Kazi ikizidi kuliko matengenezo, uharibifu hulimbikizwa. Zamani ugonjwa huu ulifikiriwa kuwa ni kuvimba na kuwaka kwa ukano, kama jipu linavyowaka. Lakini wataalamu walipochunguza kano zilizougua kwa muda mrefu kwa kutumia hadubini, hawakuona dalili nyingi za kuwaka. Waliona nyuzi zilizopaswa kulala sambamba, kama katani iliyochanwa vizuri, zimevurugika kama gunia kuukuu. Habari hiyo ina maana kubwa kwa mgonjwa, kwa kuwa dawa ya kutuliza uvimbe humpunguzia maumivu lakini haizipangi upya zile nyuzi. Kitakachozipanga kitaelezwa mbele.

Chanzo kikubwa ni kazi iliyozidi kwa ghafula. Karani aketiye mezani tangu Jumatatu hata Ijumaa, kisha Jumamosi akacheza mpira dakika 90 na vijana wa nusu ya umri wake, yumo hatarini. Kadhalika kijana aliyeitwa kuandikishwa katika polisi, ambaye kwa majuma mawili ya mwisho hukimbia kila siku maili ambazo hakuzikimbia mwaka mzima. Mkulima wa nyanda tambarare haupati sana ugonjwa huu. Lakini yule wa miteremko ya Murang'a au ya Kisii, apandaye na mzigo mgongoni, kisigino chake hushuka chini kuliko vidole kila hatua, na ukano huvutika mpaka mwisho wake. Akichimba matuta mapya kwa juma zima, huku akisukuma ardhi kwa mguu huo mmoja, asistaajabu ukianza kulalamika.

Viatu navyo vina sehemu yao. Gambuti kubwa kuliko mguu hupiga kisigino kila hatua, na ukingo mgumu wa kiatu kipya husugua pale pale ukano unaposhikana na mfupa. Mwanamke aliyezoea viatu virefu kwa miaka, akavivua na kuanza kutembea na ndara bapa, huuvuta ghafula ukano uliokwisha zoea ufupi. Akala za mpira wa gari hazina lawama kwa mtu aliyekua nazo. Ubaya ni kubadili kwa siku moja. Zaidi ya hayo, unene wa mwili, ugonjwa wa sukari, jongo na mafuta mengi katika damu huudhoofisha ukano bila ya mtu kukimbia hata hatua moja. Umri nao haumwachi mtu.

Hata mabingwa hawakusalimika. Mwaka 2000 huko Sydney, Haile Gebrselassie wa Ethiopia aliingia katika mbio za mita 10,000 za Olimpiki na ukano unaomsumbua. Wakenya wengi wanazikumbuka mbio hizo kwa uchungu, maana alimpita Paul Tergat kwenye mstari wa mwisho kwa tofauti ya sehemu 9 za mia za sekunde. Ushindi ulipatikana, lakini ukano ulidai malipo: ilimlazimu kupasuliwa, akakaa muda mrefu bila kushindana. Aliporudi katika mashindano ya dunia ya Edmonton mwaka 2001 alikuwa wa tatu, na mshindi akawa Charles Kamathi wa Kenya. Ukano wenyewe ulipona. Mwaka 2008 mtu huyo huyo aliweka rekodi ya dunia ya marathoni huko Berlin kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 59.

Liko jambo jingine ambalo yafaa lijulikane katika kila nyumba, kwa sababu linahusu dawa inunuliwayo kwa urahisi mno. Zipo dawa za kuua vijidudu za jamii ya ile ambayo pakiti yake huandikwa ciprofloxacin. Ni dawa nzuri kwa ugonjwa unaoifaa, na madaktari huitumia kwa homa ya matumbo na kwa magonjwa ya njia ya mkojo. Lakini yaweza kuudhuru ukano, na huu wa kisigino kupita zote, hata kuukata. Mwaka 2008 serikali ya Marekani iliamuru dawa za jamii hiyo ziandikwe onyo la namna ya juu kabisa juu ya hatari hiyo. Wenye hatari zaidi ni waliopita miaka 60, waliobadilishiwa figo, na wanaotumia pia dawa za steroidi, kwa mfano kwa pumu. Mtu aingiaye katika duka la dawa na kusema tu kwamba ana homa, akapewa vidonge hivyo bila kupimwa damu, amenunua hatari asiyoijua. Aliyeandikiwa na daktari asiogope kuvimeza. Lakini akisikia maumivu nyuma ya kisigino asimeze kingine, aache kukimbia na kubeba mizigo, akarudi kwa daktari siku hiyo hiyo apewe dawa ya namna nyingine.

Sasa dalili. Ya kwanza ni ule ukakamavu wa asubuhi, au wa baada ya kuketi kwa muda mrefu. Ya pili ni maumivu yanayokuja mwanzo wa kazi, yakatulia kazi ikiendelea, kisha yakarudi jioni kwa ukali zaidi. Ya tatu hupatikana kwa vidole: ukano ukifinywa pole pole toka juu mpaka chini, pana mahali pamoja panapouma, na mara nyingi hapo pamenenepa kuliko mguu wa pili. Ndiyo sababu yapasa kuipima miguu yote miwili. Kama mahali panapouma ni katikati ya ukano, huo ndio ugonjwa wa kawaida. Kama ni chini kabisa, pale ukano ushikapo mfupa, ni ndugu yake, naye hutunzwa kwa njia iliyo tofauti kidogo.

Si kila maumivu ya upande huo ni ya ukano. Shavu lote la mguu mmoja likivimba, likawa na joto na kuuma, hasa kwa mama aliyejifungua karibuni, au kwa mtu aliyelala hospitalini au kusafiri mwendo mrefu akiwa ameketi, huenda ikawa ni damu iliyoganda ndani ya mshipa. Huyo asichuliwe wala asingoje kesho, bali apelekwe hospitali mara moja. Kijana aumwaye visigino vyote viwili, na mgongo wake ukakakamaa kila asubuhi, huenda ana ugonjwa wa viungo ambao dawa yake ni nyingine. Na mwenye vinundu vigumu juu ya kano zote mbili, hata kama haviumi, na apimwe mafuta ya damu, maana vinundu hivyo huweza kuwa dalili ya ugonjwa wa ukoo unaoziba mishipa ya moyo mapema.

Katika kutibu, kosa la kwanza ni kuendelea kama kwamba hakuna kitu. Kosa la pili, ambalo watu wenye busara hulifanya zaidi, ni kulala kitandani mwezi mzima. Ukano usiofanya kazi hudhoofika, na siku mtu arudipo shambani huumia upya kwa kazi ndogo kuliko ya kwanza. Njia ipitayo kati ndiyo bora: aache kukimbia, kuruka na kupanda vilima kwa mizigo, aendelee kutembea katika tambarare kadiri awezavyo. Ndani ya viatu vyote viwili aweke kipande cha mpira au cha ngozi nene chini ya kisigino, kiasi cha sentimita 1, ili ukano usivutike sana. Kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, kikiwekwa kwa dakika 10 au 15 baada ya kazi, hutuliza. Vidonge vya kutuliza maumivu vyaweza kutumiwa siku chache. Lakini vile vya ibuprofeni havimfai mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo.

Kisha lifuate lile linaloujenga ukano wenyewe. Husimuliwa kwamba Håkan Alfredson, daktari wa mifupa wa mji wa Umeå katika Uswidi, alikuwa mpenda kukimbia aliyeumwa na ukano wake kwa muda mrefu. Alimwomba mkubwa wake wa kazi ampasue, akakataliwa. Kwa hasira akaamua kuutesa ukano wake kwa mazoezi mazito ili uharibike kabisa, naye apasuliwe kwa haki. Badala ya kuharibika ukapona. Alilolifanya kwa hasira alilijaribu baadaye kwa utaratibu. Mwaka 1998 yeye na wenziwe walichapisha habari za wakimbiaji 15 ambao dawa nyingine zilikuwa zimewashinda. Baada ya majuma 12 ya mazoezi hayo wote walirudi kukimbia.

Zoezi lenyewe halihitaji hospitali wala mashine. Mgonjwa husimama juu ya ngazi ya mlango, au juu ya jiwe imara lenye ukingo, vidole na mbele ya wayo vikiwa juu na visigino vikining'inia nje, huku ameshika ukuta. Hujiinua juu kwa mguu mzima. Kisha huhamishia uzito wote juu ya mguu mgonjwa, na pole pole hushusha kisigino mpaka kipite chini ya ukingo. Kuinuka tena ni kwa mguu mzima, maana siri ya zoezi hili iko katika kushuka. Hufanya hivyo mara 15, akapumzika kidogo, akarudia mpaka yatimie mafungu matatu, goti likiwa limenyoshwa. Kisha hufanya mafungu mengine matatu na goti limekunjwa kidogo, ili msuli wa ndani nao upate sehemu yake. Kazi hii ni asubuhi na jioni, kila siku, kwa majuma 12. Mwenye kupenda hesabu ataona kwamba ni mara 180 kwa siku. Uzito wa mwili ukishakuwa mwepesi, avae mfuko mgongoni na kutia ndani yake kilo chache za mahindi, akiongeza kidogo kidogo.

Yule ambaye maumivu yake yako chini kabisa, kwenye mfupa, asishushe kisigino kupita ukingo. Na afanye zoezi lake juu ya sakafu tambarare, kwa kuwa kushuka mno hugandamiza ukano juu ya mfupa na kuuzidishia maudhi.

Maumivu wakati wa zoezi si ishara ya kuacha, na hapo ndipo wengi hukata tamaa katika juma la pili. Kipimo ni asubuhi ifuatayo. Ikiwa ukakamavu wa asubuhi haukuzidi wa jana, kazi ilikuwa ya kiasi, ukizidi, apunguze. Wale wasioweza kupata nafasi mara mbili kwa siku wanayo njia nyingine: uchunguzi uliofanywa Denmark na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba mazoezi ya mizigo mizito, ya pole pole, mara tatu kwa juma, huleta faida iliyo sawa. Ukano ni mzito wa kupona, na hata ukitunzwa vizuri waweza kuchukua miezi 3 au 6, kwa wengine zaidi.

Kuchanja kwa wembe mahali panapouma na kupaka dawa hakufai hata kidogo, kwani ngozi ya hapo ni nyembamba na jeraha lake ni zito kupona; mwenye ugonjwa wa sukari aweza hata kuupoteza mguu. Kukanda kwa maji ya vuguvugu hakuna ubaya. Kuchua shavu la mguu hutuliza, maadamu si ile hali ya damu iliyoganda. Ama sindano ya steroidi, ambayo wengine huiomba kwa kuwa maumivu huondoka upesi, ikichomwa ndani ya ukano huu huudhoofisha na huweza kuwa sababu ya kukatika kwake.

Kukatika kwenyewe huja ghafula, aghalabu kwa wanaume wa miaka 30 hadi 50 walio katika mchezo, na baadhi yao hawakuwahi kuumwa kabla. Mtu husikia mlio kama wa kijiti kilichovunjika, na hudhani amepigwa teke nyuma ya mguu. Hugeuka kumtafuta aliyempiga, asione mtu. Baada ya saa moja maumivu yaweza kupungua, na hapo ndipo hatari ilipo. Kwa kuwa misuli mingine bado husogeza wayo kidogo, mgonjwa huambiwa ameteguka tu, akafungwa kitambaa, akarudi nyumbani. Si wachache waliopotezewa mguu mzuri kwa njia hiyo.

Kuna kipimo ambacho Simmonds, daktari wa Uingereza, alikieleza mwaka 1957, na Thompson wa Marekani akakieleza tena mwaka 1962. Mgonjwa hulala kifudifudi, nyayo zake zikining'inia nje ya kitanda. Mwingine hushika shavu la mguu wake na kulifinya kwa kiganja. Ukano ukiwa mzima, wayo husogea wenyewe, vidole vikielekea chini. Ukiwa umekatika, wayo hutulia kama wa sanamu. Kipimo hiki chaweza kufanywa na mwalimu wa michezo kando ya uwanja, au na mke wa mgonjwa nyumbani. Wayo usiposogea, mgonjwa asikanyagie mguu huo. Afungwe ubao, vidole vikiwa vimeelekezwa chini, na kupelekwa hospitali siku hiyo.

Huko daktari ataamua kati ya kupasua na kuunga, au kuufunga mguu kwa plasta au kwa kiatu maalum huku vidole vimeelekea chini, ili ncha mbili za ukano zikutane na kushikana. Uchunguzi uliofanywa Norway na kuchapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja waliopasuliwa na wasiopasuliwa walikuwa karibu sawa kwa nguvu za mguu, ila waliopasuliwa hawakukatika tena mara nyingi kama wenzao. Lakini njia zote mbili zataka mgonjwa afike mapema. Yakipita majuma manne, ncha zimekwisha tengana na kuotwa na kovu, na kazi iliyokuwa ya plasta huwa ya kisu kirefu. Hata aliyefika siku ile ile hukaa majuma kadhaa bila kuvaa kiatu cha kawaida, na mchezo wa mpira haurudii kabla ya miezi 6, mara nyingi mwaka. Shamba lake la msimu huo itabidi lilimwe na wengine.